Mtu wa Musangila Aliyeijua Marlingby

Ukifika Musangila ukamuuliza Mwalimu Hippolyte kanisa la Marlingby lilijengwa mwaka gani, hatakuomba muda wa kufikiri. Mwaka 1214, atakwambia, kwa mawe ya gumegume. Mnara uliongezwa miaka mia na ishirini baadaye, nao una kengele tano, na ya tatu imepasuka. Atakwambia daraja la kule lina matao matatu, na tao la katikati lilibebwa na mafuriko, likajengwa tena na mjane mmoja tajiri aliyechoka kuvua viatu kila akienda kusali. Kuna mti mkubwa ambao mfalme aliupanda ajifiche, maadui wakapita chini bila kuinua macho. Kuna nyumba ya pombe yenye miaka mia nne, mlangoni wamechora simba mwekundu, ingawa katika nchi ile nzima hakuna simba hata wa dawa.

Marlingby ni kijiji cha Uingereza. Kina watu mia tatu na kumi na wawili, na hakuna hata mmoja wao anayejua kwamba kwenye barabara ya kutoka Wamaza kwenda Kabambare anaishi mzee wa miaka sabini anayevijua visima vyao kwa majina. Mwalimu mwenyewe hajafika mbali zaidi ya Kasongo, na Kasongo alikwenda kung'olewa jino.

Lakini muulize ni nani wamezikwa chini ya michikichi ya ng'ambo ya kijito cha Kilunga, nusu saa kwa miguu kutoka mlangoni pake. Hapo atavua miwani na kuanza kuisafisha. Ataisafisha mpaka umwonee huruma, uage uende zako.

Mama yake alikufa yeye akiwa bado ananyonya. Aliyemlea ni dada yake Célestine, aliyekuwa wakati huo msichana wa miaka kumi na miwili. Asubuhi alimfunga mgongoni, akavuka naye Kilunga, akalima naye, akarudi naye na kuni juu ya kichwa. Kwa hiyo Hippolyte aliijua ng'ambo kabla hajajua kutembea, lakini aliijua kwa upande wa mgongo, jinsi mzigo unavyojua njia.

Alipopata nguvu akapelekwa shule ya misheni ya Waprotestanti, mwendo wa siku mbili. Huko alikuwako Mamuzeli Edith, Mwingereza mrefu mwenye pua nyekundu, aliyefundisha nyimbo na kushona na kufunga vidonda. Alikuwa mtu mwema. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu, kwamba alitamani kwao, na kila Jumamosi ugonjwa huo ulipompanda aliwaketisha watoto barazani akawasimulia Marlingby nyumba kwa nyumba. Watoto wengine walisinzia. Wengine walitega panzi kwa vidole vya miguu. Hippolyte aliandika. Alijaza kaye tatu, yaani madaftari, kwa mwandiko mzuri usiokuwa na doa, na Mamuzeli alipoziona alitoka nje apenge kamasi. Siku aliporudi Ulaya alimwachia kitabu chembamba chenye picha za mahali pale: kanisa, daraja, mti wa mfalme, jiwe lenye majina ya waliokufa vitani. Kijana akarudi Musangila, mkono mmoja cheti cha ualimu, mkono wa pili Marlingby, na katika maisha yake yote mkono wa pili ndio uliofanya kazi zaidi.

Alifundisha miaka arobaini na moja. Hatuwezi kusema hakufundisha kitu. Watu wazima wa Musangila, wenye wajukuu, bado wanaweza kukutajia wachungaji kumi na wanane wa Marlingby kwa kufuatana, na wanawake wengine huwataja wakitwanga, kwa sababu majina yale yanakwenda vizuri na mchi. Mwaka mmoja mkaguzi alikuja kutoka Kabambare, akamsimamisha mtoto wa darasa la tano, akamtaka amtaje kiongozi mmoja mashuhuri wa zamani wa eneo hili. Mtoto alisimama wima akamtaja Mchungaji Tobias Fenn, aliyeng'oa viti vya kanisa kwa sababu watu walikuwa wanavilalia. Mkaguzi aliandika katika kaye yake kwamba mtoto ana akili nyingi, ila haijulikani za wapi.

Marehemu mke wake Aurélie alizoea kusema wenzake waliletewa mke mwenza, yeye aliletewa kijiji kizima. Alipoomba jiko lenye paa, mumewe alijenga mnara. Ulikuwa mnara wa matofali mabichi kwenye pembe ya nyumba, wenye tundu la kengele, na kengele hakuna. Mvua ya tatu ukamwangukia beberu wa jirani. Mwalimu alilipa beberu akasema hata mnara wa Marlingby uliwahi kuanguka, mwaka 1587, na watu wa kule hawakupiga kelele hivyo. Hakuna aliyemcheka mbele yake. Musangila ni kijiji cha adabu: kikitaka kumcheka mtu kinahamia nyumba ya pili.

Basi yote hayo yangebaki hivyo, mzee na kijiji chake cha picha, kama isingekuja barua.

Ilitoka biro ya ardhi, ofisi ya serikali kule Kabambare, mwaka juzi. Kila kijiji kiandike historia yake na alama zake za kale, nakala tatu, chefu, mkuu wa kijiji, apige muhuri. Chefu Salomon hakuitisha hata mkutano. Alivuka barabara na barua yake mkononi akampa Mwalimu, na Mwalimu akaipokea kama mtu anayepokea deni alilokuwa akiwadai wanadamu wote.

Alifunga mlango siku tisa. Kwanza alifungua kile kitabu chembamba, aone historia ya kijiji inaandikwaje. Aliona inaanza na ukuta. Unatafuta ukuta wa zamani kuliko zote, unasoma mwaka uliochongwa juu ya mlango, na hapo ndipo kijiji kilipozaliwa. Sasa Musangila yote ina ukuta mmoja tu wa namna hiyo, nao ni wa nyumba ya pamba, pale kando ya barabara ambapo wakati wa Wabelgiji wazee walipimiwa pamba waliyolimishwa kwa fimbo. Paa lilikwenda zamani. Mbuzi wanalala ndani. Lakini juu ya mlango, katika saruji, mtu amechonga 1936. Mwalimu alipoitazama namba ile roho yake ilitulia. Alirudi ndani akaandika kwamba kijiji cha Musangila kilianzishwa mwaka 1936, kama linavyoshuhudia jengo lake kongwe.

Kila mtu wa Musangila anajua 1936 ni mwaka gani. Ni mwaka Wabelgiji walipowaondoa watu ng'ambo ya Kilunga, wakawapanga kando ya barabara kama vikombe mezani, wahesabike haraka na wasichelewe kwenye mizani. Mwalimu naye alijua. Lakini ng'ambo hakuna ukuta. Kuna michikichi na nyasi na mihogo ya wanawake, na katika kitabu cha Marlingby hakuna ukurasa unaosema habari za nyasi. Aliona aibu kuziandika.

Siku ya nne Célestine alipita na beseni la sombe, majani ya muhogo, akasimama dirishani. Alikuwa amevuka miaka themanini, na bado analima. Alimuuliza kama kweli anaandika habari za watu wao.

"Ndiyo, Yaya," alijibu, maana hivyo ndivyo alivyomwita dada yake tangu utoto.

"Na kuvuka Kilunga utavuka siku gani?"

"Historia inataka ushuhuda, Yaya. Kule iko majani tu."

Célestine alimwangalia kidogo, jinsi mtu anavyoangalia sufuria aliyoisugua mwenyewe ikatoka bado nyeusi. Alibeba beseni lake akaenda.

Mwalimu akaendelea. Baada ya ukuta alihitaji daraja, akaandika magogo mawili ya Kilunga kuwa ni daraja la kihistoria, ingawa magogo yenyewe hubadilishwa kila masika. Alihitaji mti wa mfalme, akakumbuka kwamba chini ya mti wa mvoka nyuma ya shule bwana mkubwa mmoja wa teritware, yaani wilaya, aliwahi kujikinga mvua, robo saa. Alihitaji jiwe la mashujaa, akaliandika lile ambalo wanawake wanavunjia kokwa za michikichi. Zikafika kurasa kumi na nne. Chefu Salomon alizipiga muhuri bila kuzisoma, akisema kitu kirefu namna ile hakiwezi kuwa na makosa.

Nakala moja ilikwenda Kabambare, ya pili ikabaki kwa chefu. Ya tatu Mwalimu alimpa Amuri, tena kwa mkono wake, na mbele ameandika: "Kwa ndugu Amuri, mpenzi wa historia."

Amuri ni mfanyabiashara wa mpunga kutoka Kasongo, wa zile familia za Kiislamu za mjini, mtu wa maneno laini, ambaye kofia yake inabaki nyeupe hata akishuka pikipiki katikati ya matope. Alikuwa ameiomba ng'ambo ya Kilunga miaka miwili, apande michikichi mipya na kuweka mashine ya kukamua mafuta. Sababu yake: kule ng'ambo kuna milimau sita, na milimau hiyo aliipanda baba wa babu yake, wakati wa misafara. Watu wa Musangila walikuwa wanamcheka kwa upole, wanamuuliza milimau sita imezaa shamba lini. Walikuwa na haki ya kucheka. Ardhi ya kando ya barabara ilichoshwa na ile pamba mpaka leo haitoi kitu. Kila chungu kinachopikwa Musangila kinatoka ng'ambo.

Alipopewa kurasa kumi na nne Amuri alizisoma zote, na huenda ndiye mtu pekee aliyezisoma zote. Tangu siku hiyo hakurudi kuomba. Alikwenda Kabambare kuandikisha.

Mwalimu hakujua kitu mpaka Jumanne ile ajenti wa ardhi alipofika. Aliitwa Bruno, kijana mwenye koti la mvua na begi la karatasi, mgongo umemuuma kwa barabara. Watu waliitwa mbele ya nyumba ya pamba. Mwalimu alivaa koti lake la sherehe, kwa maana aliamini serikali imekuja kumpongeza, na mfukoni alikuwa na hotuba fupi ya kurasa nne.

Bruno hakupongeza mtu. Alisema kuna ombi la bwana Amuri juu ya ardhi ya ng'ambo, akalisoma. Kisha akatoa karatasi za Mwalimu, akafungua ukurasa wa pili, akasoma kwa sauti ile ile kavu: kijiji cha Musangila kilianzishwa mwaka 1936, hapa barabarani.

Palikuwa na wanawake kama arobaini, na majembe yao, kwa sababu walikusudia kwenda shamba mambo yakiisha. Chefu Salomon aligeuza shingo polepole mpaka akampata Mwalimu, akabaki hapo.

Amuri alisimama, akawaamkia wazee kwanza, akaulizia afya zao. Kisha akasema yeye hana ugomvi na mtu. Kijiji chenyewe kimeandika kwamba kabla ya 1936 hakikuwako, na chefu amepiga muhuri. Baba wa babu yake alipanda milimau karibu miaka hamsini kabla ya hapo. Anaomba tu kile ambacho ndugu zake wa Musangila, kwa ukarimu wao, wamekiri.

"Na mimi namushukuru sana Mwalimu," alimaliza. "Bila yeye ningekuwa bado naomba."

Mwalimu alisimama na koti lake. Alieleza kwamba neno kuanzishwa lina njia ya kulifahamu. Alieleza kwamba katika elimu ya vijiji mwaka unatoka kwenye jengo, na akatoa mfano: Marlingby, kwa kuwa watu walikaa pale tangu zamani sana, lakini kitabu kinahesabu tangu kanisa. Aliongea juu ya gumegume. Alifika kwenye mnara.

Bruno alikuwa anafuata kwa kalamu. Akamkatiza kwa heshima, akamuuliza hiyo Marlingby iko sekta gani, maana haioni katika orodha.

Hapo ndipo adabu ya Musangila ilipokatika. Walicheka wanawake, walicheka wazee, alicheka hata Amuri nyuma ya kiganja, na miaka arobaini na moja ya kucheka kwenye nyumba ya pili ilitoka yote kwa mara moja. Mwalimu alisubiri iishe. Haikuisha upesi.

Kicheko kilipotulia, Bruno alisema karatasi yenye muhuri haifi yenyewe. Inakufa kama aliyeiandika atasema mbele ya watu kwamba aliandika kitu asichokijua, na kama atapatikana mwenye kujua, atembeze alama za ardhi leo leo, kwa desturi ya hapa. La sivyo yeye anarudi Kabambare na kurasa hizi, na ng'ambo itakwenda ilikoandikwa.

Desturi ya hapa kila mtu anaifahamu. Anayetembeza ardhi anatangulia peke yake. Nyuma yake hakuna kunong'oneza. Haulizi, hageuki, akigeuka kuuliza jina moja tu, amepoteza yote, na mdomo wake haurudi kusema juu ya ardhi ile mpaka kufa.

Mwalimu alikuwa na njia nyingine, na usidhani hakuiona. Angeweza kukaa kimya. Karatasi ingekwenda na jina lake juu, limepigwa muhuri, historia ya kwanza ya Musangila, na wajukuu wa wajukuu wangesoma kwamba iliandikwa na yeye. Wangesoma wakiwa na njaa, lakini wangesoma. Jambo hili lilimpitia kichwani, na lilikaa humo muda mrefu kuliko inavyofaa kusemwa juu ya mzee wa kanisa. Alitazama majembe. Alitazama 1936 juu ya mlango.

"Nimeandika kitu sikijui," alisema.

Bruno aliuliza ni nani basi anayejua.

"Yaya yangu."

Célestine alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopasuka, akimenya muhogo. Akainua kichwa, akaweka mkono nyuma ya sikio. Sikio hilo husikia kuku akitaga nyumba ya tano.

"Unasema nini, mudogo? Upepo unavuma."

Hapakuwa na upepo. Mwalimu akarudia, kwa sauti ya darasani, kwamba ameandika kitu asichokijua na kwamba anayejua ni dada yake Célestine, ambaye hakumuuliza.

"Ambaye nini?"

"Ambaye sikumuuliza, Yaya."

"Haya," alisema Célestine, akaweka kisu ndani ya muhogo. "Sasa nimesikia."

Wakavuka Kilunga. Célestine mbele na jembe begani, hatua ishirini nyuma yake Bruno na Amuri na chefu, kisha kijiji chote, na Mwalimu katikati ya wanawake, kwa sababu hakupata mahali pengine. Kwenye magogo Bruno aliangalia karatasi na kuuliza kama hili ndilo daraja la kihistoria.

Pa kwanza palikuwa pa michikichi. Iliota miwili miwili, na mtu asiyeambiwa angedhani ni bahati tu. Célestine aliipiga kila miwili kwa mpini wa jembe akiita pacha waliozaliwa miti ile ikapandwa: hawa walikufa wadogo, hawa walikwenda Kabambare, huyu ni nyanya wa Salomon na mwenzake aliyeliwa na mamba. Jozi kumi na moja. Chefu Salomon, ambaye alikuwa hajui kama nyanya yake alikuwa pacha, alianza kukaa vizuri ndani ya nguo zake.

Kisha akawapeleka kwenye kilima kidogo, akapiga jembe moja. Chini ya majani yalitoka mavi ya chuma, meusi, mazito, mapande kama ngumi. Hapa ndipo wahunzi walipoyeyusha, alisema, akataja wahunzi wanne, na wa nne alikuwa mwizi, naye akamtaja vilevile. Bruno alitia pande moja mfukoni. Akapita kwenye jiwe la kunolea, refu kama mtu aliyelala, lenye mifereji ambayo mikono ya watu imeichimba kwa kunoa tu, mwaka juu ya mwaka. Mwalimu alisogea akaingiza vidole vinne ndani ya mfereji mmoja, vikaingia mpaka kwenye kifundo. Alikuwa anavijua vipimo vya ngazi za kanisa la Marlingby, zilivyolika katikati kwa nyayo za watu. Alikuwa amezifundisha ngazi hizo kwa miaka arobaini na moja kama ajabu ya dunia.

Mbele kidogo Célestine alipiga mguu chini kwenye kivuli cha mti.

"Hapa ndipo nilikuwa namulaza Mwalimu nikilima. Kila siku alikojoa. Hiyo pia uandike, bwana."

Bruno aliandika.

Kwenye makaburi alisimama. Makaburi yenyewe hayaonekani, ni vichaka vya miti ambayo hakuna mtu anayeikata, na kila mti una mwenyewe. Alitaja sita. Kisha akanyamaza. Akainama. Mgongo wake uliinama pale muda, hausemi, haugeuki, na watu wote nyuma wakashika pumzi, kwa maana wapo walioyajua majina yaliyobaki na hawaruhusiwi hata kukohoa. Mwalimu alitafuta ndani ya kichwa chake jina la saba, awe nalo tu, kama kusaidia kwa mawazo. Alimpata Tobias Fenn. Aliona aibu mpaka masikio yakamwasha.

Célestine akainuka na mwiba mkononi, aliokuwa anautoa kisiginoni. Akautupa, akataja wa saba, wa nane, na wa tisa, ambaye ni babu wa babu yao, aliyekuja na watu wake kumi na wawili na kulala hapa usiku wa kwanza kabla ya kuwa na nyumba hata moja.

Mwisho ilikuwa milimau. Sita, mizee, imejaa matunda. Hapo Amuri alivua kofia, akasema kwa upole kwamba mama amesema mengi na mazuri, lakini hii haikupandwa na pacha wala na mhunzi.

Célestine hakugeuka. Aliongea akiitazama milimau.

"Kweli. Ilipandwa na Kassimu. Alifika na musafara, muguu umeoza, wenzake wakamuacha. Tulimuganga masika mawili. Aliomba maji, tukamupa. Aliomba fasi ya kupanda mbegu zake, tukamupa. Aliomba muke, tukamupa binti yetu, yeye akamuita Waridi. Muguu ulipopona alimuchukua Waridi na mutoto wao wa kiume, akaenda nao Kasongo, na mahari mpaka leo hatujaiona."

Watu walimwona Amuri akiigeuza kofia mikononi. Baadaye alikubali kwamba jina Waridi alilisikia nyumbani kwao tangu utoto, katika dua za wafu, na hakuna aliyewahi kumwambia huyo Waridi alitoka wapi.

"Basi wewe ni mujukuu wetu," alisema Célestine. "Sisi ni wajomba zako. Mujukuu anaingia kwa wajomba bila kubisha, anachuma, anakula, akishiba anatutukana, na sisi tunacheka. Kuuza hauzi. Kukata hakati. Chuma malimau, baba, yanaoza bure."

Ungemwambia Amuri kwamba anadanganya, angepigana. Ungemwambia kwamba ni mgeni, alikuwa na karatasi ya kumjibu. Lakini kuambiwa kwamba ni mtoto wa nyumba, mbele ya kijiji chote, na kwamba ukoo wake unadaiwa mahari ya miaka mia na thelathini, kwa jambo hilo hakuja na maneno. Alisema atashauriana na wazee wake Kasongo. Alisema huenda atakata rufaa. Wanawake wawili walikuwa tayari wanamjazia malimau kwenye kikapu, wanamwita mujukuu, wanamuuliza kwa nini amenenepa hivi na wajomba wamekonda.

Bruno alisema maneno ya shahidi lazima yaandikwe na mtu wa kijiji anayejua kuandika, neno kwa neno, pale pale. Wote wakamwangalia mtu mmoja. Mwalimu alipiga magoti mbele ya jiwe la kunolea akaweka karatasi juu yake. Célestine akaanza kusema. Mwalimu akaandika, kisha Célestine, ambaye aliona mkono unakwenda mrefu kuliko maneno, akamwomba asome.

"Katika enzi za kale," alisoma Mwalimu, "kijiji chetu kizuri, kilichozungukwa na mandhari ya..."

"Nani alisema kizuri?"

"Ni namna ya kuanza, Yaya."

"Mimi nilianza na muchikichi. Futa."

Alifuta. Ilichukua saa mbili, na ilijaa ukurasa mmoja na nusu.

Karatasi hiyo sasa iko Kabambare, juu ya ile nyingine au chini yake, hatujui, maana biro ni biro. Amuri hajakata rufaa. Alipita mwezi uliopita kununua mpunga, akachuma malimau, akatukana wajomba kidogo, kwa kujaribu, akaona kweli walicheka.

Mwalimu Hippolyte alikwenda kwa dada yake wiki ile ile na kaye mpya. Alitaka majina yote, akaomba wakae kivulini asubuhi moja wayamalize. Célestine alimwambia yeye hakujifunza majina yale akiwa amekaa. Akampa jembe. Masharti ni tuta moja la mihogo kwa jina moja, na tuta liwe refu. Ukipita ng'ambo asubuhi utamwona mzee wa watu kwenye jua, koti limetundikwa kwenye mchikichi wa pacha, kaye kwenye mfuko wa suruali, anapumua kama ng'ombe. Mpaka leo amelima matuta kumi na saba. Majina aliyopata ni kumi na manne, kwa sababu matuta matatu yalipinda, na Célestine alikataa kuyahesabu.